Msamaha Usiotaja Kosa

Jumapili ile kanisani Muthara, Kinya alitaka kusikia jambo moja tu: shemeji yake Kaberia atamke wazi kwamba alimsingizia. Siku ya mazishi ya mama mkwe, Kaberia alisimama mbele ya waombolezaji akasema mwalimu Kinya alimnyima mama dawa za presha mpaka akakata roho. Tangu hapo akina mama wa kanisa hawagusi chai yake. Chupa hurudi nyumbani imejaa vile vile ilivyotoka, naye huimwaga shambani huku akilia kwa hasira.

Kaberia mwenyewe hakuja kuomba msamaha kwa kupenda. Alitaka kuwa mzee wa kanisa, na Mchungaji Naftaly akamwambia hapati mpaka ayamalize na mke wa ndugu yake mbele ya waumini wote.

Akakunjua karatasi iliyopigwa chapa, akakohoa.

"Kufuatia yale yaliyotokea, na kwa kuzingatia hali iliyokuwepo, maneno hayo yaliwaumiza baadhi yetu. Hata hivyo, katika muktadha huo, hakukuwa na nia mbaya. Kwa hivyo, yeyote aliyeumizwa na hayo, tunasema pole."

"Amina!" waumini wakaitikia.

Amina ya nini? Damu ilimchemka Kinya. Miaka nenda miaka rudi amesahihisha insha za namna hiyo: kila sentensi imeshikana mkono na mwenzake, "kwa hivyo" hapa, "hata hivyo" pale, na ukitafuta kinachosemwa hukioni. Nani alisema? Alisema nini? Juu ya nani? Na kilichomchoma zaidi ni kwamba Kaberia hajui kuongea hivyo. Kaberia ni mtu wa miraa na ng'ombe. Huo muktadha ameutoa wapi? Mtu anayesema "katika muktadha huo" hata akiomba chumvi mezani alikuwa ameketi kando yake Kinya: Mutwiri, mumewe, mwandishi wa hotuba za wakubwa huko Embu.

Akasimama.

"Shemeji, hayo ni yapi?"

"Mwalimu, tafadhali, wacha tufunge na maombi," mchungaji akasema.

"Hatufungi. Nauliza, hayo ni yapi? Mimi nilifanya nini, na wewe ulisema nini?"

Kaberia akaitazama karatasi, kisha akamtazama ndugu yake. Mutwiri akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Mama Mukami, keti," akamnong'oneza mkewe akiwa huko huko chini. "Unatuaibisha. Msamaha uko sawa, umetiririka vizuri."

"Umetiririka kwenda wapi?" Kinya akauliza kwa sauti.

Watu wa nyuma wakacheka. Kaberia alidhani wanamcheka yeye, na hilo hakuliweza. Akaikunjakunja ile karatasi, akaitupa chini.

"Basi! Nimechoka kubebeshwa! Dawa mwalimu aliachia Mutwiri. Akaenda shule. Mutwiri alikuwa kwangu. Tulikula miraa mpaka jioni. Tukarudi. Mama amekuwa baridi. Dawa iko pale pale kwa meza. Tukaogopa. Nikasema ni mwalimu."

Hakukuwa na "kwa hivyo" wala "hata hivyo", na hakuna mtu kanisani aliyehitaji kuelezwa zaidi. Hata watoto walielewa. Kinya alielewa kuwashinda wote, kwa maana tangu mazishi Mutwiri amekuwa akimwapia kwamba mama alimeza dawa mbele ya macho yake, naye kwa ujinga wake akawa anamtetea kwa kila aliyeuliza.

Jina lake lilikuwa limesafishwa, na hakuhisi furaha yoyote. Alimgeukia mumewe akiwa na chuki ambayo hakujua anaweza kuwa nayo.

"Mama Mukami," Mutwiri akaanza, "kutokana na hali ilivyokuwa siku hiyo..."

"Nyamaza," Kinya akasema. "Leo ukirudi Embu, nenda na nguo zako zote."