Maji ya Kwenye Filta

Asubuhi, Kenga aliingia kwenye pikapu yake nje ya nyumba za kupanga za Mishomoroni, akageuza ufunguo nusu, akasubiri ile taa ndogo inayoonyesha injini inapashwa joto izimike. Ilizimika. Akamalizia kugeuza. Stata ilizunguka vizuri lakini injini haikuwaka, na kwenye ekzosi hakukutoka moshi wowote.

Alishuka, akalipiga teke gurudumu, akapanda tena, akajaribu tena. Msimamizi wa timbo la mawe kule Mwakirunge hakuwa mtu wa kungoja. Gari lisipofika, kazi hupewa mwingine. Kenga hakuwa na kazi nyingine ila hiyo ya kubeba kifusi cha timbo na kukimwaga pale alipoonyeshwa.

Akamwita Absalom, fundi wa mtaa, aliyekuja na spana mkono mmoja na mahamri mkono wa pili.

"Boss, betri iko fiti," alisema Absalom. "Stata pia. Kama hakuna moshi, ni dizeli haifiki."

Alifungua boneti, akalegeza nati iliyo chini ya filta. Kwa kawaida maji yaliyochanganyika na dizeli hukaa hapo chini, fundi huyatoa, na gari huwaka. Maji yalitoka. Absalom akangoja dizeli ifuate. Mkebe ukajaa, kisha beseni, na dizeli haikufuata. Alichovya kidole, akaonja.

"Hayana chumvi," akasema.

Nafula, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa akipita na mtungi mtupu. Mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka tangu kabla ya Pasaka, na maji ya kisima cha mwenye nyumba yalikuwa ya chumvi, hayakuwa ya kunywa.

"Hayana chumvi kabisa?"

"Na ni baridi."

Nafula akaweka mtungi wake chini ya filta. Jua lilipopanda, foleni ilikuwa imefika kwenye kibanda cha viazi karai.

Absalom alikagua tangi, akakuta dizeli safi tupu. Aliitoa filta, akaiweka juu ya kigoda. Iliendelea kutoa maji pale pale kigodani, kwa hiyo akairudisha, maana kule juu ilikuwa rahisi kukinga.

"Funga hiyo nati, fundi," alisema Kenga, aliyekuwa akizunguka gari bila kukaa. "Tutoe hewa tujaribu."

"Na sisi je?" aliuliza Nafula.

"Mimi nina kazi."

"Na mimi nina watoto hawajaoga. Tangu ununue hili gari, Kenga, leo ndiyo limefanya kazi ya maana."

Foleni ilicheka. Absalom alifunga nati, akapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, akatoa hewa. Kenga aligeuza ufunguo. Injini ikakohoa mara moja, na kwenye ekzosi akatoka chura mdogo. Alikaa barabarani kidogo, kisha akaelekea mtaroni.

"Bado iko na maji," alisema Absalom, akaifungua nati tena.

Simu ya Kenga ililia. Alikuwa msimamizi.

"Uko wapi?"

"Gari lina maji, bosi."

"Kila mtu na shida zake. Nakungoja mpaka adhuhuri."

Adhuhuri ilipokaribia, kata ya kifuu cha nazi ilitoka pamoja na maji. Tundu la nati lilikuwa dogo kuliko kidole, na kata ilipita. Kenga aliitazama. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba, na aliyeufunga alikuwa yeye mwenyewe, zamani, alipokuwa akitumwa kisimani na mama yake.

Kisima hicho kilikuwa Mwakirunge. Kilifukiwa mwezi uliopita. Siku hiyo msimamizi alionyesha kwa kidole, na Kenga akarudisha pikapu nyuma. Mama yake, Dhahabu, alikuwa amesimama hapo na ndoo. Kenga alimwamkia kwanza, kisha akamwaga kifusi.

Dhahabu alifika mchana huo kwa bodaboda, akiwa na mitungi miwili. Alikuwa amesikia kwamba Mishomoroni kuna maji.

"Shikamoo, mama," alisema Kenga. "Pita mbele."

"Marahaba. Hawa wamenitangulia."

Alipanga foleni. Zamu yake ilipofika aliiokota kata, akakinga, akanywa taratibu.

"Ni ya kwetu," alisema. "Ndani ya gari yamepoa zaidi."

"Mama, niliambiwa..."

"Nilikuwepo, mwanangu. Nishikie mtungi."

Alimshikia. Simu ililia tena, akaipokea kwa mkono wa pili. Msimamizi alisema timbo lina pikapu yake, dereva wake ameugua, na kuna kifusi cha kumwaga kwenye kisima cha upande wa pili, karibu na kanisa. Kama Kenga hataki, aseme.

Kenga alimtazama Nafula, aliyekuwa akiwasogeza watu ili foleni inyooke. Alimtazama mama yake.

"Nakuja," akasema.

Bodaboda ile ile iliyomleta Dhahabu ilimpeleka Kenga timboni. Pikapu ya timbo ilikuwa tayari imepakiwa. Aligeuza ufunguo nusu, akasubiri taa izimike, akamalizia. Injini iliwaka mara ya kwanza. Kenga aliiacha iungurume, akatega sikio akitafuta kosa, akatafuta tena, mpaka msimamizi akagonga mlango kwa kiganja. Kosa halikuwepo. Akaingiza gea.