Dirisha la Tatu, Jumanne na Alhamisi

Jumanne saa kumi na robo alasiri, karani wa vifurushi alikuwa ameweka boksi la viatu juu ya mizani alipopigwa teke la paja. Mbele yake kulikuwa na kioo, nyuma yake ukuta, na aliyempiga hakuwepo. Alishika meza, akavuta pumzi, akasoma uzito: kilo moja na gramu mia mbili. Kisha akagonga muhuri.

"Ni binti yangu," alimwambia mteja. "Yuko mazoezini."

"Karate?"

"Karate."

"Pole, mama. Watoto wa siku hizi wanakula vizuri."

Jambo lenyewe lilianza kwa maneno ya kawaida. Binti yake wa miaka kumi, ambaye nyumbani walimwita Kiberiti kwa udogo wake na hasira zake, alitaka kuacha karate wiki ya tatu. Alikaa kwenye ngazi, miundi imevimba, akasema haendi tena. Baba yake, mwalimu wa udereva, alikataa. Yeye mwenyewe utotoni alianza karate akaacha siku ya nne, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Huwezi kuachia usukani katikati ya kona," alisema.

Mtoto akazidi kulia. Ndipo mama akachuchumaa, akamfunga mkanda wake mweupe, akamwambia kitu ambacho mzazi yeyote angesema:

"Nenda, mwanangu. Maumivu niachie mimi."

Mtoto akamwachia. Siku ile alirudi akirukaruka. Mama alipanda ngazi akishikilia ukuta.

Ofisini walizoea upesi. Mkuu wa tawi, mtu wa utaratibu, alibandika karatasi: Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi, wateja wa dirisha la tatu wawe na subira. Wateja wa kila wiki wakaanza utani.

"Leo anapiga au anapigwa?"

"Anapigwa," karani alijibu akijikanda ubavu. "Tena na jitu la mkanda wa kijani."

Mwalimu wa karate alifurahi. Kila mwaka nusu ya watoto wake waliacha kabla ya mwezi wa tatu, lakini Kiberiti hakukosa hata siku moja. Akamwomba baba yake aje awape wazazi wengine siri. Baba alisimama mbele ya watu ishirini na wawili akaongea dakika kumi. Mtoto alale mapema. Ratiba isibadilike. Na msimamo.

"Hasa msimamo. Ukilegea wewe, naye analegea."

Wazazi waliandika. Hakuwa anadanganya, kila neno alilisema kwa moyo. Wala hakuwa mtu mbaya. Kila Alhamisi jioni alimpaka mkewe dawa ya kuchua mgongoni, taratibu, huku akimsimulia jinsi mtoto alivyokomaa.

"Hata halii tena," alisema.

"Naona," mkewe alijibu, uso kwenye mto.

Aliyeng'amua ni mtoto mwenyewe. Alimkuta mama yake akibadili nguo, akaona alama ya kisigino juu ya nyonga, mahali palepale alipopigwa yeye jana yake bila kusikia kitu. Akaigusa kwa kidole.

"Hii yangu."

"Yako."

"Basi naacha, mama."

"Thubutu! Niumie miezi mitano halafu uache? Wewe jifunze kukwepa."

Tangu hapo, jioni zao zikawa za kukwepa. Mama alisimama mwisho wa korido akimrushia soksi zilizoviringishwa, na Kiberiti akazikwepa zote isipokuwa zile za mkono wa kushoto. Pale ukumbini hakukuwa na mtoto mwenye bidii kama yake, na mwalimu alizidi kumsifu baba.

Mtihani wa mkanda wa njano ulifanyika Jumamosi asubuhi. Baba alikwenda kupiga picha. Mama alikuwa zamu. Wakati wa pambano la kwanza alihudumia wateja sita na hakikufika kitu. Alianza kuamini. Wakati wa pambano la pili mdomo ulimpasuka akiwa anabandika stempu. Akauziba kwa leso, damu isidondokee mzigo wa watu.

Saa sita walikuja wote wawili. Kiberiti hakuonyesha mkanda. Alisimama kwa ncha za vidole, akatazama kupitia kioo, akaona mdomo.

"Niliteleza, mama. Nisamehe."

"Ni moja tu. Zamani zilikuwa ishirini. Umefanya vizuri sana."

Baba alikuwa akiwaonyesha picha watu wa foleni. "Tumeshinda!" alisema. "Miezi minane, na hatukukata tamaa hata siku moja." Foleni ikapiga makofi. Akaja kuegemea dirisha, macho yakimmeremeta. "Mwalimu anasema mzazi kama mimi asiishie kwa mtoto mmoja. Nimemwandikisha na mdogo wake."

Mdogo wake alikuwa na miaka mitano na aliogopa hata paka. Asubuhi ile ile, kabla ya kutoka nyumbani, mama yake alikuwa amemwambia kwamba likimuuma jambo lolote ampe yeye.

Kiberiti alifungua kinywa aseme. Mama akamtikisia kichwa.

"Siku zipi?" karani aliuliza.

"Jumatatu na Jumatano."

Akashusha kalenda ya ofisi ukutani, akazitia alama siku hizo hadi mwisho wa mwaka, kisha akamwita mteja aliyefuata.