Ekari ya Mwisho Kando ya Mto

"Siku mbili tu," alisema Bibi Alphonsine, kichwa chake kikiwa ndani ya buti ya gari, "na umebeba taa ya kusomea?"

Josette aliichukua ile taa mkononi mwake taratibu. "Nilifungasha haraka haraka, Bibi."

"Na blanketi. Na sufuria." Bibi aliinua sufuria ndogo akaigeuza kutazama kitako chake. "Huko chuoni wamewafukuza?"

Kilichomwokoa Josette ni meno ya Odalys. Yaligongana kwa sauti hata Bibi akageuka. Odalys ndiye aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja bwenini, msichana wa Florida, ambako mwezi wa Oktoba watu bado wanaogelea baharini. Alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na pua imemwiva.

"Huyu atatufia uani," Bibi alisema. Alimshika mikono yote miwili akaanza kuisugua kama anayefikicha maharage. "Ingia ndani, mwanangu. Vitu vitajishusha vyenyewe."

Josette alifunga buti haraka. Si Bibi wala Odalys aliyejua kwamba hakuwa na nia ya kurudi chuoni. Fomu ya kuacha masomo alikwisha kuijaza kwenye kompyuta. Ilibaki kubonyeza tu. Pale kijijini kwao kando ya mto, tangu shule ya msingi, alikuwa yule mtoto ambaye mwalimu humwambia ashushe mkono ili wenzake nao wajibu. Kule kusini, mwendo wa saa tano kwa gari, alikuwa amepata arobaini na moja kwenye kemia, na alikuwa ameanza kwenda kula saa ambazo hakuna mtu mezani, ili asisikike akizungumza kwa matamshi ya kwao. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa amejitungia maneno ya kumwambia baba yake: kwamba kaka yake Marc amehama, kwamba shamba limemwelemea mtu mmoja, kwamba yeye yuko tayari kubaki. Yalikuwa maneno mazuri. Tena mengi yake yalikuwa kweli.

Jioni ile walikula ploy, zile chapati laini za unga wa mtama mweusi ambazo Bibi humimina juu ya bamba la chuma na kuzipika upande mmoja tu, mpaka zitoboke vitobo kama sifongo. Odalys alikula saba. Bibi alimhesabia kwa sauti, kwa fahari, kama mtu anayeangalia mpira.

Normand, babake Josette, aliingia wakiwa wameshaanza. Alinawa, akabusu kichwa cha bintiye, akaketi. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Redio inasema kesho usiku kutaganda," alisema. "Si jalidi ya kuchezea. Ardhi yenyewe itaganda."

"Umebakiza wapi?" Josette aliuliza.

"Ekari ile ya mtoni tu. Mvua imeilowesha, mashine kubwa ikiingia itazama." Alipaka siagi kwenye ploy, akaikunja. "Nitaiacha. Ni ekari moja tu."

Bibi alisimamisha mwiko hewani. "Viazi vyangu viachwe vigeuke kamasi?"

"Mama, watu wa kuokota niwatoe wapi?"

"Mmoja huyu." Mwiko ulimwelekea Josette. "Wa pili huyu, amekula saba, hawezi kukataa. Wa tatu mimi."

"Una miaka themanini na moja."

"Ndiyo maana naijua kazi. Mashine ya kufukulia ya marehemu babako ipo bandani. Makapu yapo, mapipa yapo. Niliokota mapipa themanini kwa siku nikiwa na mimba yako, na hukunisaidia hata kiazi kimoja."

Normand alimtazama Odalys. Odalys alitazama sahani yake, kisha akasema, "Mimi sijui kazi hiyo, lakini kuinama najua."

Bibi alimwongezea ploy ya nane.

*

Asubuhi anga lilikuwa safi, na milima ya ng'ambo ya mto, ambako ni Kanada, ilikuwa imewaka rangi nyekundu na manjano. Normand alitangulia na trekta kuukuu, akiburuta mashine ambayo kazi yake ni moja tu: kupenya chini ya tuta, kulitikisa, na kuviacha viazi vimelala juu ya udongo kama mayai. Wengine wote walikuwa nyuma yake.

Tobie Cyr alikuja na lori lake la kubebea mapipa. Alisoma na Josette tangu wana meno ya maziwa, na sasa alikuwa akifanya kazi kiwanda cha mbao. Hakuitwa. Alisikia kwa mama yake, aliyesikia kwa Bibi, aliyepiga simu saa kumi na moja alfajiri.

"Msomi!" alipaza sauti akishuka. "Bado unakumbuka kiazi ni kipi na jiwe ni lipi?"

"Jiwe ndilo linalozungumza sana," Josette alimjibu.

Bibi alimfundisha Odalys. Kapu uliweke katikati ya miguu. Usiokote kimoja kimoja, unazoa kwa mikono miwili, unavirusha ndani bila kuviumiza, kapu linasogea na wewe unasogea. Kilichooza ukiache. Jiwe ukiliokota kwa bahati mbaya, usione haya, lirushe nyuma kama hukuliona. Odalys alianza vibaya, akijaza mawe na kuacha viazi. Kufika saa nne alikuwa ameshika mwendo, akavua koti moja, halafu la pili. Alikuwa akiimba chinichini kwa Kihispania, na Bibi, asiyejua neno hata moja, alikuwa akimwitikia kwa Kifaransa cha mtoni.

Josette mwenyewe hakuhitaji kufikiri. Mikono yake ilikuwa inajua. Udongo ulikuwa baridi na mzito, ukanata kwenye kucha, na harufu yake ilimwingia mpaka kifuani. Viazi vilidunda kwenye mbao za kapu, kisha kwa ngurumo kwenye pipa tupu, kisha kimya kimya kadiri pipa lilivyojaa. Hapa hakuna aliyemwuliza maana ya kitu. Alijaza pipa la pili kabla Tobie hajamaliza kupakia la kwanza, na alijihisi, kwa mara ya kwanza tangu Agosti, kama mtu mwenye urefu wake kamili.

Unaona? alijiambia. Hapa ndipo pako.

Mchana walikula wakiwa wameketi juu ya mapipa: mchuzi wa kuku kwenye chupa ya kuhifadhi joto, mkate, na matofaa ambayo Tobie alikuwa ameyaficha kofiani. Odalys aliomba glovu. "Ziko garini," Josette alisema bila kufikiri, na akamtupia funguo.

Alipokumbuka vitu vyake, alikuwa amechelewa. Rafiki yake alikuwa amekwisha kufika nyumbani, amefungua buti, na amesimama.

Odalys alirudi amevaa glovu. Hakuketi. Aliokota kapu lake akaenda mpaka mwisho wa tuta, mbali na wengine, na Josette akamfuata.

"Mpaka buti zako za theluji," Odalys alisema bila kugeuka. "Mpaka kalenda yetu ya ukutani, Jo. Mimi nilidhani wameiiba."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Ningerudi na nani?"

"Baba angekupeleka."

"Baba angenipeleka." Odalys alizoa viazi akavirusha kwa nguvu, Bibi angemkemea. "Saa tano barabarani na babako asiyesema. Halafu nifungue mlango nikute kitanda kimoja hakina shuka. Unajua mimi nami nina arobaini na tatu ya kemia?"

Josette alimsogelea. "Uliniambia umefaulu."

"Na wewe uliniambia umefaulu!"

Walitazamana. Kilichowapata hapo hata wao hawakukitegemea: kicheko. Kilianzia kwa Odalys, puani, kikamshika na mwenzake, wakacheka wameinama mikono magotini, mpaka Tobie akapiga kelele kutoka kwenye lori kuuliza kama wamekula viazi vibichi. Kicheko kilipoisha, Odalys alijifuta macho kwa mkono wenye tope, na tope likabaki pale.

"Bado nimekasirika," alisema. "Usidhani nimeacha."

"Najua."

"Yule wa ghorofa ya juu bwenini, anayepuliza tarumbeta usiku, ulitaka uniachie peke yangu."

Wakaendelea kuokota, tuta moja, kila mtu upande wake.

*

Saa kumi jioni jua lilikuwa limeshuka chini ya vilele, na baridi ilianza kupanda kutoka mtoni. Ilibaki mistari minne. Bibi alikuwa amekubali kuketi, lakini aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya shamba, akiokota vilivyo karibu naye na kuisogeza ndoo hatua kwa hatua, ili asiambiwe amepumzika. Josette aliona vidole vya bibi yake vimepinda havinyooki, akamwendea kumsaidia, akatukanwa.

Kwenye mwisho wa mstari wa pili trekta ilizimika. Normand alishuka kuondoa jiwe lililokwama kwenye meno ya mashine, na Josette akamshikia nyundo ya akiba. Walikuwa peke yao. Alijua kwamba ndiyo nafasi yake. Maneno yake ya wiki tatu yalikuwa tayari, yamepangwa.

"Baba, nimekuwa nikifikiri. Marc hayupo, na wewe..."

"Bibi yako ameniambia habari za taa," Normand alisema.

Aligonga jiwe. Halikutoka.

"Mimi si mjinga, Jo. Mtu haji na sufuria kula ploy." Aligonga tena. "Umeshaamua?"

"Karibu."

"Ni kwa sababu yangu, au ni kwa sababu ya huko?"

Alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Alitazama ile nyundo ya akiba mkononi mwake, ndogo, ya mpini uliofungwa utepe. "Ya huko," alisema hatimaye. "Zaidi ni ya huko. Hawanicheki, Baba. Hawanioni tu. Na ninafeli."

Baba yake alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Aliketi juu ya gurudumu la trekta, jambo ambalo hakulifanya kamwe kazi ikiwa haijaisha.

"Nitakwambia ukweli, kwa kuwa na wewe umenambia," alisema. "Ukibaki, nitafurahi. Nitafurahi sana. Leo nimekutazama huko nyuma nikasema, afadhali asiondoke tena. Hilo ndilo linalonitisha. Sitaweza kukwambia uende, kwa hiyo usinisubiri mimi niseme."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia akitoa. Alipomaliza aliona haya, akainuka, akalipiga lile jiwe pigo moja, nalo likatoka kirahisi kama lilikuwa likisikiliza.

Josette alimpa ile nyundo ndogo. Aliona haya kwa ajili yake na kwa ajili yao wote wawili, na kitu kingine ndani yake kikalegea, kitu alichokuwa amekikaza tangu Agosti. Ule uongo kwamba anabaki kwa hisani ulikuwa umeondoka, na ulipoondoka, jambo lenyewe lilionekana dogo zaidi na gumu zaidi. Alirudi kwenye kapu lake.

Mistari miwili ya mwisho waliokota wote watano, hata Normand, wakiwa bega kwa bega, taa za lori zikiwamulikia ingawa bado kulikuwa na mwanga wa kutosha. Pipa la mwisho lilikuwa la Bibi. Alilijaza mwenyewe, akachukua muda wake, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza alipigapiga mdomo wa pipa kama mgongo wa ng'ombe.

"Arobaini na saba," alisema. "Kwa watu watano. Aibu tupu."

Wakiwa njiani kurudi, wamejibana nyuma ya lori kati ya mapipa, Josette alimwambia Odalys, sauti yake ikitikiswa na mashimo: "Jumanne nina maabara saa mbili asubuhi."

"Najua. Mimi ndiye ninayekuamsha."

"Nitakwenda mpaka Desemba. Mpaka mtihani. Baada ya hapo sijui."

Odalys aliifikiria habari hiyo, akitazama milima ikigeuka kijivu. "Desemba," alisema. "Na tutakula saa za watu, siyo saa za wezi."

"Tutakula saa za watu."

*

Jumapili asubuhi kila kitu kilikuwa cheupe. Odalys alitoka nje na soksi, akapiga yowe, akarudi kuvaa viatu, akatoka tena. Aligusa ua, akagusa kioo cha gari, akalamba kidole. Kisha akashuka mbio mpaka kwenye ekari ya mtoni, na kila alipokanyaga aliacha doa jeusi juu ya weupe.

Bibi alikuwa amesimama kizingitini na shali yake, akimtazama. Alikuwa amewafungia viazi gunia zima, eti kwa ajili ya yule wa tarumbeta, ambaye Odalys alimsimulia usiku. Normand aliliingiza gunia garini, akalisogeza huku na huku mpaka likakaa sawa na vitu vingine, akafunga buti, na mkono wake ukabaki pale juu ya bati lenye baridi kwa muda kidogo.

Josette aliwasha injini ili ipate joto. Chini kule, kundi la bata bukini lilikuwa linashuka kutoka upande wa Kanada, wengi, wakipiga kelele, wakitua mmoja mmoja kwenye matuta matupu kutafuta viazi vilivyosahauliwa. Odalys alikuwa amesimama katikati yao, hatikisiki, mikono ameitanua kidogo kando ya mwili, na wale bata walikuwa wakila karibu na miguu yake kana kwamba alikuwa pale tangu zamani.