Kura Mbili Nyuma ya Kufuli

Mwanawema alikuwa ameshajitanda buibui, kiatu kimoja mguuni, mumewe Othman alipomzuia mlangoni.

"Wenda wapi?"

"Kupiga kura. Si weye ulonambia nijiandikishe?"

"Rudi ndani. Nyinyi watu wa Mzee Jecha n'nakujueni. Ukishafika penye sanduku peke yako, utampigia babako."

Mzee Jecha, babake Mwanawema, alikuwa mkubwa wa tawi la chama cha pili, upande wa Mtambile; Othman alikuwa wa chama cha kwanza. Vyama vyenyewe sivitaji, maana wajukuu wao wangali wakinuniana. Ilikuwa ile Januari ya mwaka sitini na moja, siasa imeingia Pemba kama upele: kila mtu anajikuna, na kila akijikuna unazidi. Wa chama hiki hapandi gari la wa chama kile, hanunui dukani kwake, na maiti wanazikwa na watu wa chama chao peke yao. Ndoa ya Othman na Mwanawema ilikuwa imepona katika yote hayo, kwa sababu walipendana kweli, si pendo la kuonyesha watu.

"Wallahi Othman, nakupigia weye," alisema Mwanawema. "Mie nimeolewa kwako, si kwa baba."

Alisema kweli tupu. Lakini mwanamume aliyekwisha kujazwa maneno barazani haambiliki. Othman alimwita mamake, Bi Kazija, aliyekuwa uani na kanga yake mpya ya kwendea kituoni, akamwambia akae na mkwewe asitoke. Kisha, kwa kuwa hakuiamini hata huruma ya mamake, akaifunga milango yote miwili kwa nje na kwenda zake na funguo.

"Chama hiki mie nimekipikia ubwabwa tangu hakijawa na bendera," Bi Kazija alilalama, machozi yakimlenga. "Leo nafungiwa kama kuku!"

Baada ya adhuhuri Othman alirudi na wenzake, wakakaa barazani nje wakinywa kahawa. Furaha ilikuwa imewapanda kichwani. Akapita Silima, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, siku hizi wa chama cha pili, akamchokoza.

"Yakhe Othman, mkishindwa uso utauweka wapi?"

"Tushindwe siye?" Othman alicheka. "Basi sikilizeni nyote. Tukishindwa jimbo hili, mke wangu Mwanawema ana talaka tatu!"

Talaka haichezewi. Ukiitundika kwenye sharti, siku sharti likitimia imeshaanguka, utake usitake, na zikiwa tatu hamrudiani mpaka mke aolewe na mwingine kwanza, naye amwache.

Mwanawema alisikia neno kwa neno, maana dirisha lilikuwa wazi. Alikwenda dirishani. Bi Kazija ndiye aliyeukimbilia mlango, akaupiga kwa makofi mawili mawili.

"Othman! Fungua! Kituo hakijafungwa. Tuwache tukapige kura, weye unotundika ndoa ya watu!"

"Tulia mama. Zetu zatosha, na nyengine za kumwaga."

"Basi mfungulie mama peke yake," Mwanawema alimwomba dirishani. "Nakuomba, mume wangu."

Othman aliushika ufunguo mfukoni. Mwanawema alimwona. Lakini Silima alikuwa bado amesimama pale, anatabasamu, na kuufungua mlango mbele yake kungekuwa kukiri kuwa anaogopa. Ufunguo ukabaki mfukoni. Mlango ulifunguliwa magharibi, watu wa kituo wameshafunga masanduku yao.

Kesho yake gari la Mbarouk lilikuja na matokeo kutoka mjini Chake likipiga honi njia nzima, na Mbarouk alikuwa mtu wa chama cha pili. Kina Othman walikuwa wameshindwa. Kwa kura moja.

Othman alikwenda kwa Shehe Khatib mbio, akasema aliapa kwa hasira, akili haikuwepo.

"Walokuwepo barazani wanasema ulikuwa ukicheka," Shehe alimjibu kwa upole.

Alirudi nyumbani akamkuta Mwanawema anafunga sanduku lake la nguo. Asingeweza hata kumshika mkono. Alikuwa si mkewe tena. Alisimama kizingitini analia, mtu mzima na ndevu zake, na Mwanawema naye alilia, ila hakuacha kukunja nguo.

Bi Kazija alikuwa amekaa mkekani, kanga mpya ingali mwilini.

"Wametushinda kwa moja, Othman," alisema. "Na humu ndani mlikuwa na mbili."

Kwa babake, Mwanawema alikuta ngoma. Mbuzi ameshachinjwa, wanawake wanapiga vigelegele, na Mzee Jecha, ambaye kwa tabia yake hakuwa mtu wa kucheka, anacheka na kila anayepita. Alipomwona bintiye alimjia mikono wazi.

"Mwanangu! Tumeshinda kwa kura moja, na hiyo moja nilijua tu ni ya nani! Nilisema, damu haiwi maji. Ni yako!"

Mwanawema alimtazama. Mumewe alimfungia kwa kura hiyo, na sasa babake anamshukuru kwa kura hiyo hiyo, naye hakuipiga.

"Sikupiga, baba," alisema. "Nilifungiwa ndani. Na ningelipiga, ningelimpigia mume wangu."

Hapo ndipo Mzee Jecha alipoliona sanduku la nguo. Alilitazama, akamtazama bintiye usoni, na kicheko kikamkauka. Aliinua mkono ngoma inyamaze. Wapigaji walikuwa wamempa mgongo, hawakumwona, wakaendelea kupiga.