Mikanda Minane ya Mvule

Fundi Randa alikuwa na maneno mengi zamani, na mengi aliyatumia vibaya. Ukimletea mbao mbichi alikutukana mpaka babu yako. Ukimwuliza kabati litakwisha lini, alikwambia kabati si chai, halichemshwi. Kisha asubuhi moja, miezi minane iliyopita, aliinama kuokota patasi chini ya meza yake ya kazi na hakuinuka tena mwenyewe. Alipozinduka hospitali, upande wa kulia ulikuwa umelala na ulimi umebaki na silabi moja. Akitaka chumvi, "ba." Akimkumbuka marehemu mkewe, "ba, ba," na machozi juu yake.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, akamchukua kwake. Yeye alikuwa karani wa masjala, mumewe mwalimu wa hesabu, wote wawili watu wema, na Fundi Randa hakuwa na la kulalamika hata kama angeweza. Walimpa chumba chenye dirisha la uani. Ila chumba hicho kilikuwa na kabati la ukutani, na milango yake miwili ilikuwa plaiwudi tupu, nyeupe pe, haina hata mstari. Ilikuwa ile ya kusukuma kwenye reli, mmoja unapita mbele ya mwenzake. Mtu aliyechonga mbao miaka arobaini alikuwa analazwa kila siku akitazamana na milango isiyo na uso. Binti aliliona hilo na likamkera kwa niaba yake.

Jumamosi moja akaingia chumbani na simu mkononi.

"Baba, nimeona video. Watu wanachukua milango kama hii hii wanaigeuza ya kizamani kabisa. Unabandika fremu, unapaka rangi, ikikauka unapitisha msasa kidogo pembeni ionekane imekaa miaka. Ukiweka na vishikio vya shaba, huijui tena!"

Akapiga magoti, akavuta furushi kutoka chini ya kitanda. Fundi Randa akalitambua kabla halijafunguliwa.

Ndani ya shuka kuukuu kulikuwa na mikanda minane ya mvule, kila mmoja umechongwa majani mwanzo hadi mwisho. Aliichonga mwaka aliooa, miaka thelathini na minane nyuma, kwa ajili ya kabati la mkewe. Aliichonga jioni, baada ya kazi za watu, na hakuwahi tena kuchonga kitu kizuri kama kile. Baadaye mchwa walilivamia kabati wakala mgongo na mbavu, lakini mikanda iliwashinda meno. Sasa kati ya mikono miwili iliyoichonga umebaki mmoja. Mikanda ikivunjika, hakuna wa kuirudia.

"Minne mlango huu, minne ule," alisema binti. "Kila ukiamka unaiona. Unaonaje?"

Fundi Randa akaitazama mikanda, akaitazama milango, moyo ukampasuka. Unene wa mkanda ulikuwa nusu inchi. Kati ya mlango wa mbele na wa nyuma kulikuwa na nafasi ya kupitisha sarafu, tena kwa kubembeleza. Mlango wa mbele ungebeba urembo wowote. Wa nyuma ukibandikwa mkanda, siku ya kwanza kusukumwa utagota kwenye ubavu wa mwenzake, na mvule mkavu kiasi kile haupindi, unakatika. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza karakanani angeliona hilo. Lakini binti yake hakuwahi kupewa hata hiyo wiki moja.

"Ba!" alisema. "Ba, ba, ba!"

"Amefurahi!" alisema binti, macho yakimng'aa. "Ngoja nimletee maji."

Akaletewa maji. Akayanywa, angefanyaje?

Milango ikang'olewa kwenye reli, ikalazwa juu ya meza mbili uani, na Fundi Randa akasukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kivulini apate kuona. Mwalimu akaja na tepu, daftari la miraba na kikokotoo. Alipima urefu mara mbili, akapima upana mara tatu, akatafuta hadi katikati ya katikati. Unene hakuugusa. Kwake yeye mlango ulikuwa mstatili, na mstatili hauna unene.

Fundi Randa akanyoosha kidole cha kushoto kuelekea chumbani, kwenye reli.

"Anataka choo," alisema Mwalimu, mkwe mwema kuliko wote duniani, akamkimbiza. Mzee akakalishwa chooni dakika kumi bila haja yoyote, huku nje akisikia chupa ya gundi ikitikiswa.

Aliporudi, minne ya mlango wa mbele ilikuwa tayari imebandikwa. Hapo akapata wazo. Mwalimu alipoinama karibu yake, akainyakua penseli iliyokuwa sikioni mwake, na juu ya daftari, kwa mkono ambao haukuwahi kushika kalamu, akachora mstari mrefu, na mwingine kando yake, na katikati ya hiyo miwili mstari mfupi mnene. Milango miwili na mkanda. Jasho lilimtoka.

Mwalimu akaligeuza daftari huku na huku. "Mia moja na kumi na moja," alisema.

"Si mia, ni tatu hiyo," alisema mkewe. "Anataka vidonge vitatu. Hapana, Baba, daktari amesema viwili tu."

Fundi Randa akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana mtu maji yakimfika shingoni wakati mwingine hana lingine. Nao wakacheka, wakifurahi kwamba mzee leo yuko vizuri. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakusema lolote juu ya mkuu mwenyewe aliyeshindwa kulitamka.

Ilikuwa zamu ya mlango wa nyuma. Waliisimamisha milango yote miwili, mmoja mbele ya mwenzake, wakaiegemeza ukutani ili kulinganisha urefu wa fremu, na binti akamwekea baba yake mkanda mmoja mapajani. "Nishikie kidogo, Baba. Ni wa kwako."

Mzee akaushika. Akasukuma gurudumu kwa mkono, akajivuta kwa mguu mzima, kiti kikaenda kombokombo mpaka kwenye milango. Akaiweka ncha ya mkanda kwenye upenyo kati ya milango miwili na kuisukuma. Haikuingia. Akaipiga ngumi. Tazameni basi, haupiti! Akapiga tena. Mlango wa mbele ukatikisika, na mkanda mmoja ambao gundi yake ilikuwa bado mbichi ukateleza kutoka mahali pake.

"Baba! Unaharibu!"

Binti akausogeza ule ulioteleza, taratibu, akaubana mpaka ukatulia. Kisha akasema bila kugeuka, "Hutaki niiguse. Siyo? Mpaka leo hutaki niiguse."

Fundi Randa akaujua uso huo kabla binti hajaugeuza. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu alipomkuta karakanani peke yake, ameshika randa kwa mikono miwili, maranda marefu yakimzunguka miguuni. Alikuwa anairanda mbao sawasawa, vizuri kuliko wanafunzi wote wawili wa kulipwa. Na yeye, baba yake, akampokonya. "Hii si kazi ya msichana," alimwambia, wanaume walioingia naye wakisikia. "Nenda kwa mama yako." Mtoto akatoka bila kulia, na tangu siku hiyo hakuwahi kuuliza tena habari za mbao.

Angeweza kuendelea kupiga ngumi. Pengine mara ya tano wangeelewa, mikanda ikapona. Pengine wasingeelewa, na binti angebaki na lile aliloliamini miaka ishirini na mitatu. Mkono wa kushoto ukafunguka wenyewe. Akamkabidhi mkanda, akampapasa mgongo wa kiganja.

Binti akapangusa pua. "Asante, Baba," alisema. Gundi ikamiminwa.

Jumapili mchana milango ikarudishwa kwenye reli, na haki ya Mungu ilikuwa mizuri. Fremu zilikaa ndani kidogo, vidole vinne kutoka ukingoni, kwa hiyo milango ikiwa imefungwa hakuna kilichogusana. Rangi ilikuwa ya maziwa, imesuguliwa pembeni kwa kipimo, si zaidi. Kona zote binti alizikata mwenyewe kwa msumeno wa mkono, na mzee alipozikagua hakuona mahali pa kuingiza hata wembe. Kumbe alikuwa na fundi nyumbani siku zote. Machozi yakamtoka, na binti alipoyaona naye akalia, akamkumbatia shingoni.

"Sasa nikupangie mashati yako humo," alisema.

Reli ile ilikuwa nzito tangu zamani, na kila mtu nyumbani aliisukuma milango kwa nyonga. Mlango wa nyuma ukasogea vidole vinne, ukagoma.

"Ba," alisema Fundi Randa. "Ba! Ba!"

"Naona, Baba, unafunguka." Akaweka nyonga, akasukuma.

Sauti ilikuwa ya kuni kavu. Mkanda mmoja ukakatika vipande viwili, wa juu yake ukapasuka kwa urefu, na majani yaliyochongwa yakadondoka sakafuni. Mwalimu akaja mbio na kusimama mlangoni. Binti akaokota kipande, akakitazama ubavuni, akautazama upenyo kati ya milango. Akakiweka hapo kipande. Hakikuingia. Kipande kikiwa mkononi, ikamrudia ile mistari mitatu, na kidole, na ngumi.

"Ulikuwa unajua," alisema. Akageuka. "Baba, mbona hukuniambia?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Akaziba mdomo kwa mkono.

Lakini Fundi Randa hakuudhika. Lilikuwa swali la haki, na jibu lake alikuwa nalo. Ningekuambia ukiwa na miaka kumi na mitatu, mwanangu. Ningekusimamisha mezani, randa mkononi mwako, nikakuambia anza na unene, urefu hauna haraka. Badala yake nilikufukuza, kwa sababu niliogopa kuchekwa. Nisamehe. Akayakusanya yote hayo, moja baada ya jingine, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Ba," alisema. "Ba, ba."

Binti akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akafuta macho, akaenda kumletea maji.