Kuku Waliorudi Kutoka Sokoni

Kuku wa kwanza wa Marsela alikufa Jumatano. Kufikia Ijumaa alibaki jogoo mmoja, shingo imepinda, anazunguka uani kama mlevi.

Specioza alisimama ameshika baiskeli, tenga tupu nyuma. Tangu mumewe afariki, miaka mitatu nyuma, mwaka tisini na tatu, alikuwa akinunua kuku vijiji vya Katumba na kuwauza soko la Mpanda. Waliokosa wateja aliwaacha kwa Marsela, wifi yake, mpaka siku nyingine ya soko.

"Umeniletea ugonjwa wa kideri, wifi," Marsela alisema, bila hata kumkaribisha.

"Mimi? Wale watano niliokuachia walikuwa wazima! Si walikula mtama mbele yako?"

"Walikula. Na ndio waliotangulia kufa."

Specioza alikwenda moja kwa moja kwa Japhet, bwana mifugo. Japhet akamuuliza kuku wake hukaa wapi wakiwa sokoni.

"Banda moja na wa Usevya, wa Mwese, wa kila mtu."

"Basi. Kuku anaweza kuwa na ugonjwa huu siku kadhaa, haonyeshi chochote. Hata kinyesi kwenye tenga, au kwenye ndala zako, kinatosha."

"Kwa hiyo nani kauleta?"

"Hapo mama, sijui."

Siku ya soko alimtafuta Manyanda, mchuuzi wa Usevya, akiwa amejiandaa kugombana. Manyanda alimshangaa.

"Wangu walianza kufa niliporudi kutoka hapa. Nilijua ni wako waliowaambukiza!"

Specioza akajaribu kukumbuka. Kati ya wale watano, yule tetea mweusi aliyekuwa akisinzia, alimnunua mwenyewe Katumba, au walibadilishana na Manyanda hapa bandani? Alikumbuka hivi, mara akakumbuka vile. Hasira aliyokuja nayo haikupata wa kumwangukia.

Alilichoma tenga, akakaa wiki sita akipalilia mashamba ya watu. Kisha akaenda kwa Marsela mikono mitupu. Aliosha miguu kisimani, akafika uani, akashindwa kupiga hodi.

Marsela akatoka. "Mbona umesimama kama mgeni?"

"Sijui kama naruhusiwa kuingia."

Marsela aliitazama miguu yake iliyolowa. "Kuku wa kufa sina tena. Ingia, ugali unapoa."

Specioza aliingia. Alimega ugali, kisha akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Lakini wifi, wewe unadhani ulianzia kwa nani?"

"Kula," Marsela alisema.