Mchuzi Usiomjua Maksai

Siku ya Wahenga Saba, nyumbani kwetu maksai hupumzika na wanawake hushinda na njaa. Sheria yenyewe ni nyepesi: mwanamke aliyefunga hagusi chochote kilichopatikana kwa shingo ya maksai, awe amelima au amevuta. Ngano ya shamba la plau ni mwiko. Magimbi, mchicha na boga vilivyolimwa kwa jembe la mkono ni ruhusa. Alasiri hupikwa mchuzi mmoja wa mboga hizo, na hicho ndicho chakula cha siku nzima.

Mwaka huo Bibi Anasuya alikuwa anafunga mara ya saba, ya kukamilisha nadhiri. Mimi nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, ambako nimewahi kusimamishwa mara moja tu, kwa sababu ya chura na godoro la matroni.

Mkamwana wake Bibi, mama mdogo Mandakini, mke wa baba yangu mdogo, hakuwa na likizo. Mama yake mzazi alikuwa mahututi kijiji cha pili, na kaka yake, Dinkar, alikuwa langoni na pikipiki tangu asubuhi.

"Mama, niruhusu," alisema mama mdogo. "Daktari anasema huenda asiione kesho."

"Nani kakushika mguu?" Bibi alijibu, wanawake wa jirani wakisikia. "Pika mchuzi wa Wahenga. Ukitoka bila doa, nenda zako. Hawa mashahidi."

Akapika. Bustani aliilima mwenyewe, viganja vimejaa malengelenge. Bibi akakagua kila jani kama askari wa mpakani, akanusa ukwaju, akauliza chumvi imetoka wapi. Hakuona doa. Dinkar akawasha pikipiki.

Ndipo Bibi akachovya kidole mchuzini, akatabasamu.

"Maji umeteka wapi, mwanangu?"

"Kwenye pipa, Mama."

"Na pipa limeletwa na nani?"

Mama mdogo akaligeukia pipa. Mvua ilikuwa imetupita kama haitujui, pampu imeungua, na pipa lilivutwa kutoka kisimani kwa mkokoteni. Mvutaji ni Sarja, maksai wetu, ambaye wakati huo alikuwa amelala bandani, hana habari na dini.

"Ee! Mchuzi wa jasho la maksai!" Bibi aliwageukia majirani. "Hivi ndivyo alivyofundwa kwao. Si ajabu mama mtu anaoza kitandani."

Majirani wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akajifunika ushungi.

Nikasimama. Shuleni mimi ni mwenyekiti wa mdahalo.

"Kwa heshima zote wanazostahili Wahenga Saba," nilisema, mikono nyuma, "Bibi leo ameoga maji gani?"

"Kaa chini, Ketaki."

"Pipa. Vile vijiwe saba pale kibaoni, ambavyo ndivyo Wahenga wenyewe, vimeoshwa kwa maji gani? Pipa. Na kile kikombe alichokunywa Bibi baada ya sala? Bibi ndiye aliyeagiza lijazwe! Hoja yangu ni hii: ama maji ya pipa ni safi, na mama mdogo anaondoka sasa hivi; ama ni machafu, na nadhiri ya Bibi ya miaka saba imezama humo humo, aanze moja."

Kicheko kikakatika. Mama mdogo alinitazama kama mtu aliyeona mlango ukifunguka. Nami nilijiona nimeshinda, kwa maana hakuna mzee anayetupa miaka saba ya njaa.

Bibi aliviendea vile vijiwe. Kisha akavizoa, akavitia kwenye pindo la sari.

"Mtoto kasema kweli. Yamechafuka yote. Nitaanza moja."

"Bibi! Miaka saba?" nilimaka.

"Mimi muda ninao. Mama yake ndiye hana." Akamsukumia mama mdogo mtungi. "Kateke kisimani, ubebe kwa kichwa, upike upya. Dinkar! Nenda, baba, usimkawize mgonjwa."

Pikipiki ikaondoka na kiti cha nyuma kitupu. Mama mdogo hakulia. Aliinama, akajitwika mtungi.

"Nawe, mwenyekiti," Bibi aliniambia, "mchuzi huo mpe mwenye jasho lake."

Nikaupeleka bandani. Sarja aliula wote, akalamba na sufuria.